Guu la Mwenzangu

Katika siku zote za ujana wangu, iliyonikaa zaidi ni moja ya Mwembe Tayari, Mombasa, siku fundi Abuu aliponizungushia tepu yake ya kupimia kifuani na ncha zake zikakataa kukutana. Akajaribu tena, huku akivuta pumzi kama kwamba yeye ndiye anayepimwa. Kisha akamgeukia mama. "Bi Zaina," akasema, "kitambaa ulichonunua ni cha mtu mmoja. Huyu mwanao ni watu wawili." Mama alicheka mpaka akashika mlango. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Idi ilikuwa keshokutwa, na nyeupe ile ilikuwa imekwisha madukani. Basi kanzu yangu ikaungwa mgongoni kwa kipande cha nyeupe nyingine, na vijana wa safu ya nyuma yangu wakacheka ndani ya sala. Mungu awasamehe, nami anisamehe kwa kuwasikia.

Utauliza, mwanangu, kanzu ya mzee huyu inanihusu nini. Hata mimi najiuliza. Mzee akianza kusema ni kama mbuzi aliyekata kamba: nyumbani atafika, ila atapitia mashamba ya watu. Nilichotaka kukuambia ni kwamba mwili huu ndio ulioniingiza katika habari yenyewe. Mola alinipa mwili wa nyati na elimu ya darasa la nne, nami nikadhani mwili unatosha.

Mama yako, tunapokutana naye hapa Garland, Texas, akitoka kuuguza wagonjwa wake, hunipa habari zako. Juzi alinipa mbili. Ya kwanza, kwamba timu ya shule yenu imekupanga katika laini ya mbele, wale watu watano wazito wanaomfungulia njia mkimbiaji mwenye mpira, na wewe umenuna kwa sababu mtu wa laini hashangiliwi. Ya pili, kwamba kuna kijana wa timu nyingine aliyekukera, na umeapa mtakapokutana tena utamfuata popote aendapo uwanjani. Kununa kutakutoka kwenyewe. Hilo la pili ndilo lililonifanya nitafute kalamu, mimi ambaye kuandika barua ya kurasa mbili ni kazi ya wiki.

Nilikuja Texas nikiwa na miaka ishirini na miwili. Aliyetuita ni Mjomba Seif, ndugu yake mama, dereva wa malori makubwa. Nilikuja na Twahir, mtoto wa mamangu mdogo. Kwa Kiswahili chetu huyo ni ndugu yangu, basi. Nyinyi mna neno lenu la Kiingereza, cousin, linalomsogeza mtu mbali kidogo, sisi hatuna. Tulilala kitanda kimoja tangu utoto, na tulipofika Grand Prairie tukalala chumba kimoja nyumbani kwa Mjomba. Twahir alikuwa na miaka kumi na mitano, akatiwa shule. Mimi nikatiwa godauni la matairi.

Twahir alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi kama panya wa dukani. Huko shuleni wakampa ule mpira wao wenye umbo la yai, na wiki ya kwanza hakuna aliyemkamata. Lakini yeye hakuuwekea moyo mpira. Moyo wake ulikuwa kwenye madaraja. Unayajua yale madaraja ya barabara yaliyopandana, moja juu ya jingine, ukielekea Dallas? Kila tukipita chini yake, Twahir alitoa kichwa dirishani ayatazame kwa chini.

"Kaka, kuna mtu alikaa akahesabu haya," aliniambia. "Alikaa na penseli."

"Na likianguka?"

"Ndiyo maana alihesabu."

Alitaka kusomea hayo. Mpira ulikuwa ngazi tu ya kufikia huko, maana vyuo vya hapa humsomesha bure mtu anayevichezea. Tatizo, vyuo vikubwa vilimwona mdogo. Alipomaliza shule bila kuitwa, akaja kucheza na sisi.

Sisi ni nani? Sisi tulikuwa timu ya magodauni. Jumapili wafanyakazi wa magodauni ya Grand Prairie walicheza na wenzao wa kila upande, mpaka Houston. Aliyeniingiza ni mzee mmoja mweusi wa hapa hapa Texas, Rufus, dereva wa foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyopinda kila upande kwa sababu ya mchezo huo. Aliniona nimebeba matairi mawili ya lori, moja kila bega. Akazima mashine yake. Maneno yake yalikuwa Kiingereza cha kuvutavuta, mimi nakuandikia nilivyoyaelewa.

"Wewe umewahi kucheza mpira?"

"Wa miguu. Nilikuwa kipa."

"Kwa nini kipa?"

"Kwa sababu nalijaza goli."

Alicheka akapiga usukani. Jumapili ile nikawa katika laini, wa pili kutoka kushoto.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye kazi. Mimi nilidhani mtu wa laini kazi yake ni kuchagua mtu na kupigana naye mpaka mmoja aanguke. Mzee Rufus akasema hapana, hiyo ni ngumi za mtaani. "Humzuii mtu," alisema. "Unazuia mahali." Alitupanga watano, bega kwa bega, akaweka matairi mbele yetu. Mpira ukitolewa, wote watano hatua ya kwanza ni moja, upande mmoja, kama watu wanaohamisha kabati lenye vyombo ndani. Anayekuja mahali pako ni wako. Akitoka mahali pako si wako tena, hata kama amekutemea mate. Kuna mwenzako pembeni, huyo atampokea. Wewe endelea na hatua zako, kwa sababu nyuma ya laini yao wako wengine wamesimama wanangoja, na mmoja wao atakuja pale pale ulipo.

Na kama mbele yako hakuna mtu? Basi unamsaidia jirani yako. Mnamsukuma mpinzani wa karibu nyote wawili, bega lako na bega lake, lakini macho yenu yako kwa yule wa nyuma. Akija yule, mmoja wenu anaachia na kumwendea.

"Nani aachie?" niliuliza.

"Yule ambaye mahali pake pamejiwa."

"Tutajuaje?"

"Mtajua. Mwenzako akishamziba yule mtu kiuno kizima, achia uende. Usimng'ang'anie. Amekwisha kuweza."

Na mkimbiaji, yeye hajui njia itafunguka wapi. Anakimbia pembeni pamoja nanyi akitazama, akiona mwanya anapiga mguu chini mara moja, anakata, anapita. Kwa hiyo anauamini mgongo wako kabla hajaona kitu. Hilo, mwanangu, nilichelewa sana kulielewa. Astaghfirullah, silinganishi ibada na mchezo, lakini wewe unajua tunavyofundishwa kuziba nafasi katika safu, mguu kwa mguu. Twahir alilisema hilo mezani, Mjomba akamkodolea macho mpaka akarudisha kijiko.

Nilikuwa mzito wa kujifunza. Kwetu ukishikana na mtu humwachi mpaka mje muamuliwe. Siku moja mazoezini kijana mmoja alinipiga kiwiko akakimbilia upande wa pili, nami nikamfuata nusu ya uwanja. Nilipogeuka nikamkuta Mzee Rufus amesimama pale nilipotoka, mikono nyuma, kama mtu anayengoja basi.

"Ulikwenda wapi?"

"Nilimfuata yule."

"Alikuwa na mpira?"

"Hapana."

"Sasa ulimfuata wa nini?"

Akanisimamisha pale pale mazoezi yote, nisicheze, niwe nguzo ya taa tu, wenzangu wakinipita kushoto na kulia na kuniuliza kama taa zangu zinawaka. Jioni akaniambia kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi, "Omari, una nguvu kuliko wote hapa. Lakini mtu yeyote akitaka kukutoa mlangoni ni kukutukana tu."

Halafu mama akafa.

Simu ilikuja nikiwa kazini. Makaratasi yangu yalikuwa hayajakamilika, ningetoka nisingerudi. Wakamzika bila mimi. Tulisoma hitima nyumbani kwa Mjomba, watu sita, mmoja wao na nguo za kazi kwa sababu zamu yake ilianza baada ya nusu saa. Twahir ndiye aliyetuongoza Yasini, maana kisomo chake kilikuwa kizuri na mimi nilikuwa narudia aya moja tu. Huko nyumbani mtu akifiwa nyumba hujaa mpaka hapati nafasi ya kulia. Hapa nilipata nafasi tele.

Arobaini yake haijatimia tukaenda Houston kucheza na watu wa magodauni ya huko. Siku ile haikuwa ya kawaida. Kocha wa chuo kimoja kidogo alikuwa ameahidi kuja kumtazama Twahir, na alimwambia wazi kabisa: nikuone mchezo mmoja dhidi ya watu wazito, ukinipendeza nitakupa nafasi, miaka minne. Na chuo hicho kilifundisha madaraja. Njia nzima ya kwenda Houston Twahir hakutoa kichwa dirishani hata mara moja.

"Umekula?" nilimuuliza.

"Nimekula mara mbili, zote zimerudi."

"Basi utakuwa mwepesi."

"Kaka, we nifungulie tu. Hata kama upana wa mlango wa choo, nitapita."

Tulipofika nikashuka garini, na lile joto la Houston, la kunata, lenye maji ndani, likaniingia puani. Dallas joto lake ni kavu. Hili lilikuwa la kwetu. Nilisimama pale nikanusa Mombasa, na mama, na shuka zilizoanikwa zikakataa kukauka. Machozi yakanitoka, nikajidai ni jasho. Nakueleza haya ili ujue mtu aliyeingia uwanjani siku ile alikuwa katika hali gani, si kwa kujitetea.

Mbele yangu alisimama bwana mmoja mwenye jino la dhahabu. Mnene, lakini wa maneno. Mchezo ulipoanza akaanza na yeye. Eti nanuka matairi. Eti nimekuja kwa meli gani. Nikaendelea na hatua zangu. Twahir akapita mara ya kwanza, akapita mara ya pili, na mara ya tatu akaenda mbali, nikamwona yule kocha wa chuo amesimama pembeni na daftari lake, anaandika. Tulikuwa tunakwenda kama tulivyofundishwa, watano mguu mmoja. Sijawahi kusikia raha ile tena, mwanangu, hata siku ya harusi yangu, na mke wangu akisoma hapa atanisamehe. Unapiga hatua na unajua bila kutazama kwamba wa kulia kwako kaipiga na wa kushoto kaipiga.

Ndipo yule mwenye jino akanigonga tumbo kwa vidole viwili na kusema, "Mama yako alikuwa akikulisha nini?" Na akaongeza jingine juu ya mama, ambalo silitii wino.

Damu yote ikanipanda. Kwetu mtu akikutajia mama, na mama yuko kaburini, hiyo si dhihaka. Watu wameacha kuzikana kwa chini ya hapo. Twahir aliniona uso. Tulipokuwa tunajipanga tena akanijia, akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili, haraka haraka.

"Kaka, achana naye. Huku 'mama yako' ni kama salamu. Wanatajiana mama tangu darasa la kwanza, halafu wanakula chakula pamoja."

"Mama hajatimiza arobaini, Twahir."

"Najua. Ni mamangu mkubwa, amenilea. Lakini huyu hamjui mama. Hajui chochote. Nipe mbio hizi mbili tatu, kaka. Yule mtu ameshaanza kuandika."

"Haya," nikasema.

Nilisema haya. Hilo ndilo linaloniuma.

Mchezo ulikuwa uende kulia. Mpira ukatolewa, sote tukapiga hatua ya kwanza kulia. Yule mwenye jino la dhahabu, badala ya kunijia, akajitupa kushoto kwangu, akatoka mahali pangu. Mtoto wa wiki mbili za mazoezi angejua: mwache, wa kushoto kwako atampokea, wewe songa mbele. Lakini alipokuwa akinipita alicheka, nikaliona lile jino. Nikageuka. Nikamfuata. Nilimshika, nikamwinua, nikamtupa chini na kumlalia, na nikasikia tamu, wallahi, nikasikia tamu mwili mzima.

Nyuma yangu mahali pangu palikuwa wazi. Mmoja wa wale waliosimama nyuma ya laini yao aliona mlango hauna mtu, akaingia mbio. Twahir wakati huo ndio alikuwa anatia mguu chini akate, mguu wa kulia, uzito wote juu yake, macho yake upande mwingine, kwa sababu upande wangu hakuwa na haja ya kuutazama.

Ule mlio niliusikia nikiwa bado nimemlalia yule bwana. Hata yeye aliusikia, maana aliacha kucheka, akasema, "Ee Bwana." Alikuwa wa kwanza kufika kwa Twahir, kabla yangu. Alivua kofia yake ngumu akapiga magoti pale akiomba kwa sauti. Mtu ambaye nilidhani ni adui yangu.

Wazee wetu wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wamesema kweli, lakini hawakumaliza. Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa la mwenzangu.

Mzee Rufus hakunikaripia. Alinitazama tu, akaenda kukusanya vifaa. Yule kocha wa chuo alingoja mpaka Twahir alipobebwa, akamshika bega, akamwambia maneno mazuri. Kisha akafunga daftari.

Twahir alikaa hospitali ya Houston wiki mbili. Goti lilikuwa limechanika ndani kote, na mfupa chini yake. Nilikwenda kumtazama siku ya pili yake nikakaa kitini kama mzigo. Hakulia, hakulaumu. Aliniuliza neno moja tu.

"Ulimpata?"

"Nilimpata."

"Alhamdulillahi," akasema, na akageuza uso ukutani. Mpaka leo sijui kama alinidhihaki au alinihurumia.

Tukamrudisha Grand Prairie. Nilimfulia nguo, nilimpeleka kwa madaktari wake, nilimpikia wali wa nazi nikaunguza sufuria mbili za Mjomba. Nilifanya kila kitu isipokuwa kufungua kinywa. Na usidhani sikutaka. Nilikuwa nangoja tukalishwe. Nyinyi mliozaliwa huku labda hamjui. Kwetu ndugu wakikoseana hawasemezani wao kwa wao. Wazee huwaita, huwakalisha mkekani, mmoja hulaumiwa mbele ya watu, akaomba radhi, ikasomwa fatiha, mkaletewa chai, mambo yakaisha. Mkosaji hajipeleki. Akijipeleka inaonekana analidharau kosa, analifanya dogo. Ndivyo nilivyolelewa, na sikuwa na desturi nyingine ya kuvaa.

Nilimpigia Mjomba simu akiwa barabarani.

"Mjomba, utatukalisha lini?"

"Nani na nani?"

"Mimi na Twahir."

"Mko chumba kimoja!"

"Lakini hatujakalishwa."

"Omari, mimi niko Oklahoma na lori la mayai. Vuka chumba umwambie mwenzio."

"Naona haya, Mjomba. Hivyo sivyo inavyokuwa."

"Basi ngoja nirudi," akasema. Akarudi, akalala, akaondoka tena. Wazee wengine nao kila mmoja na zamu yake: huyu anaendesha teksi, yule analinda jengo. Mkeka ulikuwepo, nilikuwa nimeununua makusudi. Watu wa kukaa juu yake hawakukutana.

Miezi sita ikapita hivyo. Siku moja Twahir akasema amepata kazi Houston, duka la simu la familia moja ya Kizanzibari kule upande wa Sugar Land. Akakunja nguo zake. Nikamkunjia mashati mawili. Alipanda basi, tukaagana kwa salamu kamili, ya kheri, ya afya, ya kila kitu.

Sasa nimekuwa mzee, nina wajukuu ninaowasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, na bado nikienda Houston nafungua macho kama mtu aliyepoteza pete. Nimeuliza misikitini. Wale Wazanzibari wa duka walinipokea vizuri, wakanipa chai na vileja, wakasema alikwisha kuondoka kwao zamani, mtu mpole, hakusema aendako. Nikimwona mwanamume kwenye kituo cha petroli anayetembea akiuvuta kidogo mguu wa kulia, namngoja ageuke. Wamegeuka wengi. Nikiwa garini, tukipita chini ya yale madaraja, mimi ndiye ninayetoa kichwa siku hizi. Sijui natazama nini. Yananipita juu, makubwa, hayaanguki.

Basi nisikilize, mwanangu, nikwambie lililonitoa kitandani. Huyo aliyekukera atakuja mbele yako tena, na atasema lake. Msikie, mpe hatua yako ya kwanza kama ulivyofundishwa. Akija mahali pako, mfanye ajute. Akitoka, mwache atoke. Utaona unadharauliwa, utaona wanaotazama wanakudhania mwoga. Waache wadhani. Nyuma yako kuna mtoto wa mama mwingine aliyetia mguu chini bila kukutazama, na huyo ndiye mwenye haki juu yako, si yule mwenye mdomo. Hasira haikuchomi peke yako. Mchuma janga hula na wa kwao. Na usisikitike kwamba hushangiliwi. Mimi nilishangiliwa siku moja, siku nilipomtupa yule bwana chini, uwanja mzima ulipiga kelele.

Na lile la pili la Mzee Rufus usilisahau, la kuachia na kwenda. Wakati ukifika wa kutoka mahali pako umwendee mtu, toka. Usiseme ngoja tumalize hii. Ukimkosea ndugu yako usingoje wazee wakukalishe. Wazee wa nchi hii tuko barabarani, tuko zamuni, na wengine kama mimi tuko kitandani na goti la baridi yabisi. Mwendee na haya zako usoni, ukigugumia. Maneno mabovu yaliyofika ni bora kuliko mazuri yaliyobaki nyumbani.

Mungu akuzibie nafasi zako zote usizoziona. Akupe wa kulia kwako na wa kushoto kwako, akupe nguvu na kichwa cha kuzitumia, akurudishe kwa mama yako kila Ijumaa ya mchezo ukiwa na viungo vyako vyote na vya wenzako. Amina.

Ningeishia hapo, maana dua ikishaombwa mtu anyamaze. Lakini sijakwambia jinsi nilivyojua hayo ya mwisho, na nikinyamaza utadhani nimeyaokota kwenye methali.

Twahir alirudi mara moja. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu aende Houston. Ilikuwa Jumapili ya mazoezi, uwanja wetu wa Grand Prairie, ule uliokuwa nyuma ya maegesho ya malori. Tulikuwa tumeinama katika laini, vidole chini, tunangoja sauti, na nikamwona kwenye ua wa waya. Alikuwa na mkoba mdogo begani na shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa ametoka Houston kwa basi, mwendo wa nusu siku, na goti lile. Aliweka vidole kwenye waya akanitazama.

Mzee Rufus akamwona vilevile.

"Omari, yule si nduguyo?"

"Ndiye."

"Nenda."

"Tumalize hii kwanza, Mzee."

"Omari. Nenda."

Nikasema moyoni, amekuja, basi amekuja. Atakula nyumbani. Mjomba anarudi Jumatano, mara hii tutakalishwa, nimeshajua mkeka ulipo. Na haya zikanifunga miguu, sikukatalii. Sauti ikatoka, tukapiga hatua. Tukarudi, tukainama. Sauti ikatoka tena. Nilicheza vizuri sana, nilitaka aone kwamba siku hizi sitoki mahali pangu.

Mara ya tatu nilipoinua kichwa, kwenye waya hapakuwa na mtu. Nikamwona kati ya malori, anakwenda, hana haraka, anauvuta ule mguu kidogo na mkoba unampigapiga kiunoni. Mzee Rufus aliniita kwa jina. Mimi nilisimama na kofia yangu ngumu mkononi. Twahir akafika barabarani, akangoja gari moja lipite, akavuka, na hajarudi.